Kupita Mikumi usiku kwa gari dogo

Ndugu, umeuliza kama kupita Mikumi saa nne usiku ukielekea Iringa ni salama kwako na kwa wanyama. Ukiweza, lala Morogoro upite asubuhi, jua likishatoka. Barabara inakata hifadhi kwa takriban kilomita 50, na wanyama wengi hugongwa gizani.

Ukilazimika, usizidi kilomita 50 kwa saa. Ukiwa na 80, gari huhitaji karibu mita 65 kusimama, na taa za chini hazimuliki mbali hivyo. Nyati ni mweusi, macho yake ndiyo huonekana kwanza. Twiga ni hatari zaidi: taa humulika miguu tu, na ukimgonga, mwili wake huangukia kioo cha mbele.

Swala pala mmoja akivuka, simama, wenzake wanamfuata. Kwa tembo zima taa kali, usipige honi, subiri mbali. Usikwepe kwa kukata usukani ghafla, gari linaweza kupinduka. Funga breki ukinyoosha usukani.

Tafadhali usitupe maganda wala mabaki ya chakula, ndiyo yanayowaleta nyani barabarani.

Ukigonga, usishuke karibu na mnyama aliyejeruhiwa. Sogea mbele, washa hazadi, toa taarifa geti la hifadhi au polisi. Nyama usiguse, ni nyara ya serikali.