Kijana wangu anataka Anaconda

SWALI: Likizo hii tunakwenda Johannesburg kwa shangazi yake. Kijana wangu wa miaka 6 analilia Anaconda, ile treni ya michezo inayopanda na kushuka kwa kasi katika bustani ya burudani ya Gold Reef City. Nimruhusu?
Mama wa Kamalondo, Lubumbashi

JIBU: Hapana, mama. Pale viti vinaning'inia chini ya reli, miguu hewani. Mwanzishe na treni ndogo ya watoto. Kile kipimo cha urefu pale mlangoni usikubali kubembelezwa ukipuuze: chuma cha kufungia kimeundwa kwa mwili wa kimo fulani, na mtoto mfupi anaweza kuchomoka. Kwenye hiyo treni ndogo kaeni katikati, kiti cha nyuma ndicho kinachovutwa kwa nguvu treni ikianza kuteremka. Wa kwangu nilimkalisha nyuma. Alinitapikia kitenge kipya, akajifuta mdomo, akasema, "Mama, tena!" Kandambili ziacheni chini.