Bushido kwenye filamu: uanzie wapi

Ndugu, umeuliza filamu gani itakuonyesha bushido halisi, yaani maadili ya samurai, wapiganaji wa kale wa Japani, maana kila samurai uliyemwona anakufa kwa heshima na umeanza kushuku. Shuku tu, hata mimi nilidanganyika miaka.

Anza na Harakiri ya Masaki Kobayashi, 1962. Rōnin, yaani samurai asiye na bwana, anabisha hodi kwenye jumba la ukoo wa Ii akiomba ajiue uani. Kumbe kabla yake kijana mmoja alileta ombi hilohilo, wakamlazimisha ajipasue tumbo kwa upanga wa mwanzi, wa chuma keshauuza kwa shida za nyumbani. Wanaomlazimisha ndio wanaohubiri heshima!

Halafu Seven Samurai ya Kurosawa, 1954. Ni zaidi ya saa tatu, igawe siku mbili. Samurai wanalinda kijiji kwa malipo ya chakula tu.

Kitabu cha mwandishi Mjapani Nitobe, Bushido, kisome kwa tahadhari: kilitoka 1900, tabaka la samurai lilishafutwa.

Mdogo wako wa miaka kumi usimwekee Harakiri. Ile sehemu ya mwanzi mimi mwenyewe niligeuza uso.