Grafini peke yake haitambui vizuri risasi kwenye maji

Kuna wanaosema grafini, ule utando mwembamba sana wa kaboni, ndiyo inayotambua risasi, ile metali yenye sumu, kwenye maji. Hapana, si grafini peke yake inayoitambua vizuri. Grafini inapitisha umeme vizuri na kuipa elektrodi, yaani kile kipande cha kupimia kinachopitisha umeme ndani ya maji, uso mkubwa, basi. Anayeikamata risasi hasa ni bismathi, metali nyingine inayopakwa juu yake. Nimefanya kipimo hiki maabara mara nyingi: unaweka volti hasi, kama −1.2 hivi, risasi iliyoyeyuka majini inajikusanya kwenye elektrodi pamoja na bismathi. Kisha unapandisha volti, na kila metali inarudi majini kwa zamu yake, kadimiamu karibu na −0.8, risasi karibu na −0.55. Mkondo wa umeme unaopita wakati huo hupanda na kuchora kilele kwa kila metali, na ukubwa wa kilele ndio unaokuonyesha kiasi kilichopo. Zile dakika chache za kukusanya usizifupishe, kwa sababu ndizo zinazokuwezesha kuona chini ya mikrogramu 10 kwa lita, kikomo cha muda ambacho WHO (Shirika la Afya Duniani) imekiweka kwa maji ya kunywa.

Ila angalia shaba. Maji yaliyolala kwenye mabomba ya shaba yanashusha kilele cha risasi, na unaweza kumwambia mtu maji yake ni salama kumbe sivyo. Hilo linaniumiza sana maana wanaodhurika zaidi ni watoto. Tia asidi kidogo kwenye sampuli kwanza, kisha ongeza kiasi cha risasi unachokijua na upime tena. Kilele kisipopanda inavyotakiwa, usiyaamini majibu ya mwanzo.