Mkeo hakuikimbia ndoa, alikimbia hewa

*Shangazi, shikamoo. Niko ughaibuni kwa mkataba wa kazi wa miaka miwili. Kodi ya nyumba ilinikausha, nikanunua mashua ya matanga ya mwaka 1974, futi 28, nikamleta mke wangu tuishi humo kwa muda tu. Chombo ni kizima, kina marekebisho madogo madogo. Pampu ya ngama, ile ya kutoa maji yanayojikusanya chini ya chombo, inajiwasha usiku mara chache. Tatizo ni mke. Kila asubuhi anaamka kichwa kinamuuma na anasikia kichefuchefu, lakini akishafika kazini anapona, ndipo nikajua ni visingizio. Mimi mwenyewe huamka mzito kwa uchovu wa kazi na silalamiki. Nimehangaika apate joto: nimenunua hita ya mafuta ya taa, nikaziba matundu yote ya hewa. Mimi nalala chumba cha mbele chini ya kilango cha juu, yeye nimemwachia kochi karibu na hita. Bado ananung'unika nguo zina ukungu, wakati ni yeye asiyepanga makabati, na kwamba nimemkataza kuanika nje. Namwambia habari za Bernard Moitessier aliyeishi baharini kwa furaha, hasikii. Sasa amehamia kwa mfanyakazi mwenzake, na mama mkwe anamuunga mkono. Wanawake wa leo kwa nini hawavumilii? Nimrudisheje? — Nahodha Mpweke*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa upweke. Sasa tuzungumze.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliruka kila mahali ulipomhukumu mkeo, nikasoma yale tu yanayotokea. Nikakuta mtu analala karibu na moto katika chumba kilichozibwa, anaamka na kichwa na kichefuchefu, akitoka nje anapata nafuu, akirudi kulala yanaanza upya. Wewe umeona kisingizio. Mimi naona kila dalili ya sumu ya kaboni monoksidi, na nashangaa barua hii uliituma kwangu badala ya kukimbilia kwa daktari.

Hita inayochoma mafuta inakula hewa ileile mnayovuta. Ukiziba matundu, hewa inapungua, moto hauwaki sawasawa, na hapo ndipo gesi hiyo huzidi. Haina rangi, haina harufu, wala haikoholeshi. Ikiingia mwilini hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inazunguka lakini haibebi kinachotakiwa. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutaka kutapika, huchoka bila sababu. Akienda penye hewa safi hupata nafuu. Ile nafuu ya kazini uliyoifanya ushahidi wa uongo wake ndiyo iliyokuwa ushahidi wa ukweli wake.

Tena tazama ulivyopanga malazi. Wewe uko mbele, chini ya kilango, na vilango vya mashua ya umri huo ni nadra kufunga kabisa, kwa hiyo hewa hukupenyezea. Yeye yuko hatua mbili kutoka kwenye hita. Umeandika kana kwamba umempa zawadi. Na huo uzito wako wa asubuhi unaouita uchovu wa kazi, nina shaka nao pia. Watu wamewahi kufia ndani ya mashua namna hiyo, usingizini, wamejifunika vizuri na kila tundu limezibwa ili baridi isiingie.

Tuje kwenye ukungu. Ukichoma lita moja ya mafuta ya taa kwenye hita isiyo na bomba la kutolea moshi nje, hewani humo unamwaga karibu lita moja ya maji. Ongeza pumzi za watu wawili usiku kucha na mvuke wa chai. Mvuke huo ukigusa ukuta wa faibagilasi ulio baridi unageuka matone, matone yanateremka nyuma ya makabati, na ndani ya wiki chache nguo zinanuka. Mkeo angeweza kupanga makabati mpaka vidole vimuume. Maji uliyaleta wewe, kila jioni, kwa kibiriti.

Huko kuanika nguo nje umekupitia haraka sana, hukusema sababu. Nadhani naijua. Bandari nyingi za mashua haziruhusu watu kuishi humo, au huruhusu wachache kwa kibali na malipo ya ziada, na kamba ya nguo ndiyo inayomwonyesha mwenye bandari kwamba hapa kuna watu wamehamia. Kama nimekosea niandikie. Kama nimepatia, basi umemleta mtoto wa watu ng'ambo, ukamweka mahali ambapo lazima anyate akienda kuoga, halafu unaniuliza kwa nini hana raha.

Pampu nayo. Chombo kisichoingiza maji hakiamshi pampu, mwanangu. Maji yanatoka mahali fulani: pengine kwenye shimo la shafti ya injini, pengine kwenye vali ya zamani iliyoliwa na chumvi. Leo betri ina nguvu, pampu inatoa maji na wewe unageukia upande wa pili. Betri ikiisha usiku mmoja wa baridi, miguu yenu ndiyo itakayowaambia. Hayo ndiyo marekebisho madogo madogo?

Sasa huyo Moitessier. Mwaka 1968 Mfaransa huyo aliingia kwenye mashindano ya kuzunguka dunia peke yake bila kutua. Mwaka 1969, akiwa na nafasi nzuri ya kushinda, alikataa kurudi Ulaya, akarusha ujumbe kwa manati kwenye meli iliyokuwa ikipita karibu na Cape Town, akaendelea zake mpaka Tahiti. Nyumbani alikuwa na mke, Françoise, aliyekuwa akimsubiri. Huyo ndiye uliyemchagua kumhubiria mkeo! Furaha yake ilikuwa ya mtu mmoja kwenye chombo cha mtu mmoja. Hakumbana mtu pembeni ya hita akamwambia vumilia.

Na hapa niwaseme wanaume wengi, si wewe peke yako. Siku hizi mtu anaangalia video za wapenzi wanaoishi baharini, jua linazama, miguu mitupu, kikombe mkononi, na kufikia asubuhi keshalipia mashua. Mwenzake anapashwa habari, haombwi ushauri. Katika barua nzima sijaona mahali ambapo mkeo aliulizwa kama anataka. Kisha likimshinda lile asilolichagua, anaambiwa wanawake wa leo hawana subira. Uvumilivu tunaowafundisha mabinti ni wa shida inayowakuta wawili, si ya mradi wa mmoja. Hata mama mkwe wako, aliye mbali na asiyejua mlingoti wala mkuku, alisikia binti yake anaumwa akasema toka humo. Mwenye akili katika hadithi hii ni yeye.

Sisemi kuishi kwenye mashua ni ujinga. Wapo wanaoishi vizuri miaka na miaka, na nyingi za enzi hizo zilijengwa kwa faibagilasi nene. Lakini hao hita yao ina bomba la kutolea moshi nje, matundu yako wazi hata baridi ikiwa kali, na king'ora cha kaboni monoksidi kimefungwa karibu na wanapolala.

Usiku wa leo hita hiyo usiiwashe. Zibua matundu. Kesho nenda kwa daktari, umweleze kuhusu hita kabla hajakuuliza, na mkeo aende pia, kwa sababu sumu hiyo haimwishii kila mtu kwa kutoka nje tu. Kisha tafuta fundi wa mashua akague chombo chote, si rafiki yako wa gatini anayekwambia iko poa.

Kumrudisha kwenye mashua usijaribu. Tafuta chumba, hata kidogo, hata kama kodi yake inakuuma, na chombo kiwe cha siku za mapumziko mpaka fundi aseme vingine na mke akubali kwa hiari yake. Ukimpigia simu, anza na maumivu yake ya kichwa. Mwambie ulimwita mwongo na alikuwa anasema kweli. Kisha nyamaza, umsikilize, hata akikusema nusu saa nzima. Habari za mashua asipoziuliza, usizitaje.