Muulize Fundi: Simu yangu inasahau nilikuwa nafanya nini

Barua za mwezi huu karibu zote zina kilio kimoja, simu haiwezi kushika mambo mawili kwa pamoja. Nimechagua nne. Wale wa vioo vilivyopasuka mnisamehe, nawajibu toleo lijalo.

*Shikamoo fundi. Niko Mwanza, najaza maombi ya chuo kwa simu ya ramu GB 2. Najaza jina, namba ya mtihani, shule, kozi zote, nikifika mwisho wananiambia weka namba tuliyokutumia kwa meseji. Natoka naenda kwenye meseji naikariri, nikirudi kwenye brauza ukurasa unajivuta upya kama ndo naufungua leo, kila kitu kimefutika. Nimerudia mara tatu, ya nne nikalia. Na bando ndo hilo linaisha. Hili tatizo ni simu, mtandao au ni mimi?* — Binti wa Mwanza

Marahaba mwanangu. Sio wewe, na mtandao nao hapa tunausingizia tu.

Ramu ichukulie kama meza yangu ya kazi pale Kariakoo. Meza ni ndogo, na kabla hata mteja hajafika Android yenyewe, ile programu kuu inayoendesha simu, imeshatandaza vitu vyake humo, kwa hiyo zile GB 2 ulizoambiwa dukani hujawahi kuzipata zote hata siku moja. Ukifungua brauza inakaa mezani, na brauza ndo mteja mwenye mizigo kuliko wote maana ukurasa wa siku hizi sio maandishi tu, una mapicha na viprogramu kibao vinavyojiendesha humo ndani. Sasa ukitoka kwenda kwenye meseji, meseji nazo zinataka nafasi, na WhatsApp nayo ikiamka hapohapo kupokea picha za kikundi cha ukoo, meza inajaa. Android ikijaziwa meza hivyo haikuulizi, inatazama nani hayuko mbele ya macho yako na hapigi muziki wala haongei na simu, inamtupa chini. Hapo brauza ndo inaondoka.

Kinachowachanganya watu ni kwamba ukibonyeza kile kitufe cha kuona apu zilizofunguliwa bado unaiona brauza na ukurasa wako umetulia vizuri kabisa, kumbe ile ni picha tu, kama picha ya marehemu ukutani. Ukiigusa ndo inaanza kuuvuta ukurasa upya kutoka mtandaoni, na ndo maana bando linaliwa mara mbili mbili. Brauza ya Chrome inajitahidi kurudisha ulichoandika, saa nyingine inaweza, ila fomu zile za hatua kwa hatua, bonyeza endelea, bonyeza endelea, mara nyingi hairudishi kitu.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni USITOKE. Meseji ikiingia shusha lile pazia la juu la taarifa, isome hiyo namba hapohapo, pandisha pazia, iandike. Kushusha pazia sio kutoka kwenye brauza. Simu nyingine kibodi yenyewe inakuletea hiyo namba juu ya herufi, unaigusa tu inaingia. Na kama kuna uwezekano laini iweke kwenye simu ya mama au ya kaka, yeye akusomee.

Kabla hujaanza zima simu uiwashe, usifungue kitu kingine chochote, halafu punguza tabu. Nasema tabu za kwenye brauza, zile kurasa ulizoziacha wazi tangu mwaka jana, sio tabu za maisha. (Ukiweka simu kwa Kiswahili utakuta zimeitwa vichupo, sijawahi kusikia mtu Kariakoo akisema vichupo.) Majibu marefu yaandike kwanza kwenye daftari, daftari la karatasi, halijawahi kuishiwa ramu. Na ukiona kitufe cha kuhifadhi kibonyeze kila hatua hata kama unaona unajichelewesha.

Kuna watu watakwambia utumie brauza ya Opera Mini. Mimi naipenda, imezunguka duniani tangu 2006 na kwa kusoma habari inaokoa bando kweli, ila ukiiweka kwenye ule ubanaji wake mkali ukurasa unapikwa kwenye kompyuta za Opera huko unaletewa ukiwa umeshabanwa, sasa fomu inayotaka kujiendesha ndani ya simu yako inakwama. Kwenye maombi ya chuo usijaribu.

Na usihangaike kutafuta ile ya kugawa skrini vipande viwili, meseji juu brauza chini. Android inayo tangu toleo la 7 la mwaka 2016, lakini simu nyingi za ramu ndogo zinazotumia Android Go zimezimiwa kwa makusudi, maana meza yenyewe haibebi. Hata wakubwa walianzia huko huko: iPhone ya kwanza ya 2007 ilikuwa na ramu MB 128, na apu za kushusha zilipokuja mwaka uliofuata ukitoka kwenye moja inazimika. Ruhusa ya kuendelea nyuma ilikuja 2010, nayo kwa kupimiwa. Waliogopa betri, na mpaka leo wanaiogopa hiyohiyo.

Ikishindikana kabisa mwanangu nenda internet cafe, jaza kwa kompyuta, ila nenda na ile simu yenye laini, usije ukafika mwisho ndo ukakumbuka umeiacha nyumbani.

*Salaam aleikum fundi. Mimi ni dereva wa tuktuk Mombasa, natumia laini mbili, moja ya kupigiwa na M-Pesa, nyingine ya bando kwa sababu bei yake nafuu. Mteja akinipigia anielekeze alipo, ramani inaganda hapohapo, akikata inaamka. Simu ni mpya na ramu ni GB 6, sasa shida nini?*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Ramu mwache apumzike, huyu sio yeye. Simu nyingi za laini mbili zina redio moja tu ndani. Mkiwa mmekaa kimya redio inachungulia laini zote mbili kwa zamu, ndo maana zote zinaonesha mtandao, ila ukipokea simu kwenye laini ya kwanza redio yote inahamia huko na ya pili inakuwa kama haipo. Bando lako liko kwenye ya pili, basi limelala. Hata ukipigiwa kwenye hiyo ya pili muda ule mpigaji ataambiwa hupatikani, na mama watoto akikuuliza ulizima simu kwa nini umwoneshe gazeti hili.

Ingia kwenye setingi za laini utafute sehemu ya kuruhusu data ihamie kwenye laini inayoongea, simu nyingi mpya zinayo, halafu hiyo laini ya kupigiwa uiwekee kabando kadogo ka dharura. Hapo bado kuna mtego. Kama mtandao wako haupitishi sauti kwenye 4G, ukipokea simu inashuka mpaka 3G au 2G. Ikiwa 3G ramani inatembea kwa kujikokota, ikiwa 2G data inasimama mpaka mkate.

Ila kwa kazi yako mimi ningefanya hivi: usiku ukiwa kwenye WiFi fungua Google Maps ushushe ramani ya Mombasa yote ikae ndani ya simu. GPS haili bando, inasikiliza setilaiti, kwa hiyo hata data ikifa utajiona uko wapi na barabara utaiona. Foleni tu ndo hutaiona, na foleni ya kivuko cha Likoni sidhani kama unahitaji simu ikwambie.

*Kijana, mimi ni mstaafu, niko Morogoro. Nimenunua simu, kwenye boksi wameandika 4+4, muuzaji akaniambia ni ramu GB 8. Mjukuu wangu anasema nimepigwa. Nani mkweli?*

Shikamoo mzee wangu. Mjukuu ana haki ya soda. Ramu yako ni GB 4, hizo nne nyingine simu inazikopa kwenye hifadhi, kule kunakokaa picha na video. Kwa meza ile niliyomwambia binti wa Mwanza, ni kama nimeongeza stoo ya nyuma ya duka. Kitu hakitupwi, kinapelekwa stoo, sawa, lakini kukifuata na kukirudisha ni safari, hifadhi ina mwendo wa kobe ukiilinganisha na ramu. Inasaidia kidogo apu isifutike kabisa, kasi haiongezi, na kama hifadhi yako imekaribia kujaa bora uizime kwenye setingi. Kupigwa hukupigwa sana mzee, GB 4 kwa simu za kupiga, WhatsApp na kusoma habari inakutosha.

*Fundi tusuluhishe. Mume wangu kila akishika simu yangu anabonyeza kile kitufe anafagia apu zote, anasema nalimaliza betri. Mimi naona akishafagia ndo simu inakuwa nzito. Tunagombana kila siku.* — Mama K, Tabata

Dada, mambo ya ndoa siingii, ila kwenye simu umeshinda. Apu iliyolala nyuma mara nyingi haili betri, imekaa tu kwenye ramu, na tangu Android 6 ya mwaka 2015 simu ikitulia inazilaza zenyewe. Ukizifagia, ukirudi WhatsApp inabidi iamke kutoka sifuri, na huko kuamka ndo kunakokula chaji. Mwaka 2016 mteja mmoja alimwandikia Tim Cook, bosi wa Apple wakati huo, akamuuliza kama yeye mwenyewe anazifunga na kama inasaidia betri, akajibiwa na Craig Federighi, mkuu wa programu wa Apple, hapana kwa yote mawili, na aliyekuwa mkubwa wa Android wakati huo, Hiroshi Lockheimer, naye akasema hivyohivyo.

Ya kufagia ni ile iliyoganda tu, au ile unayoikuta kwenye setingi za betri imekula asilimia nyingi na hujaigusa kutwa nzima. Hiyo mumeo akiiona mwachie aifagie, angalau moja apate.