Usiwatumie wanakikundi hiyo habari usiku huu

Usitume. Kama umeshatuma, ifute sasa hivi kisha rudi usome hapa.

Umeuliza kurasa gani za habari zinaaminika, kama inafaa kulipia gazeti la mtandaoni, na namna ya kuzuia arifa zinazojaa kwenye simu. Mimi nimeshikwa na sentensi yako ya mwisho tu, mdogo wangu. Umeona video inayosema mwisho wa kujiandikisha mbolea ya ruzuku ni kesho, ukurasa una wafuasi laki sita na tiki ya bluu, na unataka kuwapelekea wakulima wenzako 40 wachange hela ya fomu kabla hawajalala. Njia hiyo nimeipita, na najua inakotokea.

Ilikuwa Januari 2025. Mimi ni mhazini wa kikoba chetu hapa Makambako, wanawake 22. Sanduku lina kufuli tatu na funguo wanakaa nazo watu watatu, kwa hiyo wizi hatukuuogopa. Jumamosi mchana ikaniingia video kuhusu Benki Kuu ya Tanzania (BoT): "BoT YAFUTA NOTI ZA ELFU KUMI, WAHI KABLA HAUJACHELEWA!" Picha ya noti ile nyekundu yenye tembo, imechorwa alama kubwa ya kukosea. Sauti ya msomaji nzito, kama ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Nikaitazama dakika tatu, nikapiga simu kwa wenye funguo.

Sandukuni tulikuwa na 3,400,000, zote noti za elfu kumi. Mzee wetu kuliko wote kikundini akasema, "Tungojeni Jumatatu twende benki." Nilimbishia mbele ya wenzake. Nilimwonyesha simu, nikamwambia ukurasa wenye watu wengi hivi hauwezi kusema uongo. Mpaka leo tukikutana naye kisimani naona haya.

Kuna kijana wa sokoni alijitokeza ana mtu wa kuzibadilisha. Kila elfu kumi anakurudishia elfu nane, kwa noti za elfu tano na elfu mbili. Tulihesabu noti 340 juu ya meza ya mtu, tukampa. Tukarudi na 2,720,000, na njiani tulikuwa tunamshukuru Mungu kwa kuwahi.

Jumatatu nilikwenda benki kwa shughuli nyingine. Nikamuuliza dada wa dirishani. Akanionyesha tangazo la Benki Kuu lililobandikwa ukutani pale pale: zinazoondolewa ni noti za zamani, zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na noti ya mia tano ya 2010. Hizi tunazotumia kila siku, za toleo lililoanza 2011, hazikuguswa. Na hata hizo za zamani, kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili ungezipeleka benki ukabadilishiwa kwa thamani ile ile, bila kukatwa hata shilingi. Tangazo lenyewe lilikuwa limetoka kabla mwaka 2024 haujaisha. Siku zote hizo lilikuwa wazi, mtu yeyote angeweza kulisoma, na mimi sikulisoma.

Laki sita na themanini zilipotea. Nililipa mimi. Niliuza mahindi magunia tisa, na bado nikaongezea.

Kijana wa sokoni simtetei, lakini hasira yangu kubwa iko kwa mwenye video ile. Nilirudi nikaitazama yote. Ile miaka, 1985 hadi 2003, ameitaja! Dakika ya tisa, harakaharaka, baada ya matangazo mawili. Maana yake alikuwa na tangazo mkononi, akalielewa, halafu akakaa akachagua kichwa cha kuwatia watu hofu ili wabonyeze. Analipwa kwa watazamaji, na hofu yetu ndiyo mtaji wake. Mtu asiyejua ningemsamehe. Huyu alijua.

Na hiyo tiki ya bluu unayoitegemea, siku hizi inanunuliwa. Mtandao wa X, wakati huo ukiitwa Twitter, ulianza kuiuza mwishoni mwa 2022, Facebook na Instagram wakafuata 2023. Inaonyesha mtu amelipia. Kwamba anasema kweli, hilo haliko ndani yake. Wafuasi laki sita nao huenda walimfuata kwa vichekesho au mpira.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: habari inayokutaka utoe hela, usambaze au ukimbie, usifanye lolote mpaka umesoma tangazo lenyewe kwa mwenye jambo. La noti, Benki Kuu. La matokeo ya mitihani, Baraza la Mitihani (NECTA). Anwani ya serikali inaishia na .go.tz, na herufi zinazofanana nazo hazitoshi, zitazame moja moja. Soma tarehe, soma mpaka mstari wa mwisho. Picha ya tangazo iliyopita kwenye makundi usiihesabu, na kadi yenye nembo ya BBC au Mwananchi vilevile, kwa kuwa kadi hizo zinatengenezwa kwenye simu kwa dakika tano. Fungua ukurasa wao wenyewe uone kama habari ipo. Kuna pia wanaofanya kazi ya kuhakiki, JamiiCheck na Nukta Fakti, ila usiwangoje wao kama mwenye jambo unaweza kumfikia kwa miguu.

Na wewe unaweza. Mbolea ya ruzuku iko chini ya TFRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mbolea, na kata yenu ina afisa ugani. Kesho asubuhi mwendee na hiyo video, muulize maswali mawili: mwisho ni lini, na fomu inauzwa na nani. Kabla hajakujibu, hela ya hao watu 40 ibaki mifukoni mwao. Ukishapata jibu lake liandike hapa, nitakuwa naangalia.