Nijenge tena chini ya Nyiragongo?

SWALI: Jambo Papa Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watano, nauza vikwembe (vitenge) mtaani Birere. Mwaka 2002 lava ya volkano yetu, Nyiragongo, ilifunika nyumba yetu. Tulijenga ya mbao juu ya mawe yale yale. Mei 2021 moto haukutufikia, lakini tulikimbilia Sake, tukalala siku tisa katika darasa la shule. Sasa zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupeana pesa kwa zamu, imefika na nataka kusimamisha nyumba ya matofali. Shemeji yangu, mtu wa kusoma sana kwenye simu, ameniambia kuna mwanafalsafa Mroma wa kale anaitwa Seneca aliyefundisha kwamba mtu afikirie kila siku kupoteza vyote alivyo navyo. Tangu hapo silali. Nijenge, au pesa nizifiche? Na je, mkristo anaruhusiwa kumsikiliza mpagani huyo?
Mama wa Majengo, Goma

JIBU: Mama, pole kwa zile siku tisa. Najua sakafu ya darasa ilivyo baridi usiku.

Shemeji yako hakukudanganya, ila amekupa nusu ya maneno. Barua yenye mafundisho hayo nimewafundisha wanafunzi wa Latini-Filo (Kilatini na falsafa) kwa miaka mingi, na kati ya maandishi yote ya kale ninayoyajua, hakuna linalouhusu mji wetu kama hilo. Seneca alimwandikia rafiki yake Lucilius barua ambazo 124 zimetufikia. Ile ya 91 inazungumzia moto ulioteketeza Lugdunum, mji unaoitwa leo Lyon, kule Ufaransa. Rafiki yao mmoja, Liberalis, aliupenda sana mji huo, na habari ile ilimvunja kabisa. Seneca anaandika kwamba kati ya mji mkubwa na kutokuwa na mji ulipita usiku mmoja tu.

Kwangu sentensi hiyo ilikuwa sarufi ya ubaoni, basi. Halafu ikaja tarehe 17 Januari 2002. Tulivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kwa miguu, godoro na sufuria juu ya chukudu ya jirani, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Niliporudi, mahali pa nyumba yangu palikuwa jiwe jeusi ambalo bado lilichoma soli za viatu. Chini yake kulikuwa na madaftari yangu yote na kamusi yangu ya Kilatini, Gaffiot, ile niliyoinunua kwa mishahara miwili. Nilisimama pale, na maneno ya Kilatini yakanijia yenyewe: *una nox*, usiku mmoja. Nililia mbele ya wanafunzi wangu wawili waliokuwa wakipita.

Tangu siku hiyo naielewa barua. Seneca anasema pigo usilolitarajia lina uzito zaidi, kwa hiyo tulitangulie kwa mawazo, lisitukute kama wageni. Lakini hataki uiombolezee nyumba ingali imesimama. Katika barua ya 13 anamkanya huyo huyo Lucilius asiteseke kabla ya wakati, kwa sababu yanayotutisha ni mengi kuliko yanayotubana kweli. Hiyo ndiyo nusu ambayo shemeji yako aliiacha.

Nakushauri hivi: mambo hayo yafikirie mchana, si usiku kitandani, na kila ukiyafikiria mkono wako ufanye kitu. Hati ya kiwanja na vyeti vya watoto viweke katika mfuko mmoja wa plastiki karibu na mlango. Patana na watoto mahali pa kukutana mkitengana. Mwaka 2021, amri ya kuhama ya tarehe 27 Mei ilipotoka, mjukuu wangu alitupotea saa sita nzima kwenye barabara ya Sake, kwa sababu hatukuwa tumepatana mahali. Fuata pia rangi ya tahadhari wanayotangaza watu wa kituo cha volkano. Ukishamaliza hayo, lala. Hofu iliyokwisha kufanyiwa kazi haina cha kukudai tena.

Na ukilia, lia. Wengine wanamdhani Seneca mtu wa moyo wa jiwe. Katika barua ya 63 anakiri kwamba alimlilia rafiki yake Annaeus Serenus kupita kiasi, kwa kuwa hakuwahi kuwaza kwamba kijana yule angeweza kufa kabla yake.

Kuhusu kanisa: fungua Matendo ya Mitume, sura ya 18. Galio, liwali aliyekataa kumhukumu Paulo kule Korintho, ni kaka yake Seneca, na vitabu vyake vitatu juu ya hasira Seneca alimwandikia kaka huyo. Msomaji wa Biblia yuko jirani na ukoo huo tayari. Seneca si Injili. Ni jirani mwenye akili, na jirani wa namna hiyo husikilizwa.

Sasa nyumba. Jenga, mama. Seneca mwenyewe, katika barua hiyo hiyo ya moto, anasema vingi vimeanguka ili viinuke juu zaidi. Ila kuna jambo ambalo barua yake haina, nami naliona kubwa kuliko yote. Limeandikwa na mwanahistoria Tacitus. Roma ilipopatwa na msiba, watu wa Lyon waliuchangia mji huo sesterti (sarafu za Kirumi) milioni nne. Lyon nayo ilipopatwa, Kaisari Nero akawapa kiasi kile kile wakatengeneze mji wao. Likelemba yako inakwenda vivyo hivyo: leo zamu yako, kesho ya mwingine. Liberalis alihitaji maneno ya Seneca, lakini Lyon ilihitaji pia sesterti zile, na Lyon ipo hadi leo.

Anza na vyumba viwili, usimalize pesa zote ukutani. Bakiza nauli ya watu wote wa nyumbani, na zamu ya wenzako ikifika, usikose kutoa.